Pikipiki ya stima haina moshi, lakini betri yake itazikwa wapi?

Kwenye steji za bodaboda hapa Mombasa, pikipiki ya stima ikisimama huzungukwa na maswali mawili. La kwanza ni la mfuko: hii kwa siku inakuachia ngapi? La pili ni la ubishi, na mara nyingi huulizwa na yule mwenye pikipiki ya petroli: si moshi mmeuhamisha tu kutoka barabarani mkaupeleka Kipevu?

Swali hilo la pili ni zuri kuliko wanavyodhani wanaolicheka. Kipevu kweli kuna mitambo ya kuzalisha stima kwa mafuta mazito, na mwingine uko Rabai. Anayeishi Changamwe au Mikindani hahitaji kuambiwa. Kwa hivyo kama stima inayochaji pikipiki yako inatoka pale, umefanya nini zaidi ya kubadilisha bomba moja la moshi kwa jingine?

Tulijibu kwa hesabu, kwa sababu maneno kuhusu mazingira yamekuwa mengi na hesabu chache. Tangu Rais William Ruto alipozindua mpango wa kitaifa wa pikipiki za umeme hapa Mombasa mwanzoni mwa Septemba 2023, tumeambiwa mengi kuhusu hewa safi na ajira za vijana. Uzinduzi ulikuja kwa bahati ya wakati: katika mwezi huo huo lita ya petroli ilivuka Sh200 kwa mara ya kwanza nchini, na mtu yeyote aliyekuwa na kitu kisichonywa petroli alisikilizwa.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za gesi ya kaboni. Usishangae kwamba gesi ina uzito kuliko lita yenyewe. Kaboni iliyomo ndani ya mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi unatoka huko. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, ikiwa na abiria na mizigo na foleni zetu, tuiwekee kilomita 40 kwa lita. Kwa kilomita 100 itakunywa lita mbili na nusu na kutoa karibu kilo sita za gesi hiyo.

Pikipiki ya stima kwa kilomita 100 hizo hizo hutumia kama uniti nne. Stima nayo hupotea njiani: katika kila uniti 100 ambazo Kenya Power inanunua, zaidi ya 20 hazimfikii mteja, nyingine zikipotelea kwenye nyaya na nyingine zikiibwa. Kwa hiyo ili upate uniti nne, mtambo umezalisha uniti tano na kitu. Uniti zote tano zikitoka Kipevu, gesi itakuwa kama kilo tatu na nusu. Yaani hata katika hali mbaya kabisa, ile anayoitaja mbishi wetu, bado pikipiki ya stima inatoa karibu asilimia 60 tu ya ile ya petroli. Sababu ni kwamba injini ndogo ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto. Ushahidi ni paja la abiria aliyewahi kugusa egzosi.

Na hali yetu si hiyo mbaya kabisa. Stima ya Kenya kwa kiwango cha karibu asilimia 90 hutoka kwenye vyanzo visivyochoma mafuta: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Loiyangalani kule Marsabit wenye mitambo ya megawati 310, jua, na stima tunayonunua Ethiopia. Ukichukua kwamba uniti moja tu katika kumi ndiyo ya mafuta, zile kilo tatu na nusu zinashuka chini ya nusu kilo. Ongeza kidogo kwa sababu mvuke wa ardhini nao hutoka na gesi zake. Bado hufikii kilo moja. Kilo sita kwa chini ya moja. Hapo mbishi wa steji ameshindwa.

Lakini angeweza kushinda, na watu wa Pwani wanafaa kulikumbuka hilo. Mpango wa kujenga mtambo wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu, ulikuwa wa takriban megawati 1,000. Ungejengwa, sehemu kubwa ya stima ya nchi hii ingekuwa ya makaa, mafuta machafu kuliko hata yale ya Kipevu. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wakazi wa Lamu waliopigana na mradi ule hawakuwa wakifikiria pikipiki za Mombasa. Ila usafi tunaojivunia leo ukichomeka chaja ukutani, sehemu yake walitulindia wao.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu stima ambalo wengi hawalijui, nalo ni saa ya kuchaji. Jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne hivi, kila nyumba imewasha taa, televisheni na birika, na hapo ndipo mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Usiku wa manane matumizi huporomoka, upepo wa Marsabit unaendelea kuvuma, na Olkaria mvuke mwingine huachiliwa hewani bure kwa kukosa mnunuzi. Ndiyo maana Aprili 2023 mamlaka ya EPRA iliweka bei maalum ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti, na Sh8 katika saa zile za usiku, kabla ya kodi na ada nyingine. Anayechaji saa saba za usiku analipa kidogo na anachafua kidogo. Anayechaji saa mbili usiku pamoja na birika la jirani anafanya kinyume. Bei hiyo lakini ni ya mwenye mita ya kazi hiyo, si ya mtu anayepitisha waya dirishani kwenye chumba cha kupanga Bombolulu.

Tukiacha gesi ya kaboni, ambayo ni hesabu ya dunia nzima, kuna moshi wenyewe unaoingia kwenye pua. Hapa faida ni ya moja kwa moja. Mwendeshaji wa boda na mama anayeuza mahamri kando ya steji ndio wanaovuta moshi huo saa kumi kwa siku, na pikipiki ya stima hautoi. Ila tusidanganyane kuhusu Changamwe na Jomvu. Moshi mweusi wa barabara ile ni wa malori ya bandarini, mengi yakiwa ya kale, na pikipiki hata zikigeuzwa zote kuwa za stima, lori moja lenye pampu mbovu litaendelea kuwapulizia watu masizi.

Sasa tuingie kwenye betri, maana huko ndiko hesabu inakokuwa ngumu.

Betri haioti shambani. Nyingi za betri za lithiamu zimetumia kobalti, na karibu robo tatu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi moja, Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Lubumbashi. Wanaoichimba wanazungumza Kiswahili kama sisi, ingawa chao ni cha Katanga. Mbali na migodi mikubwa ya kampuni za kigeni, kuna maelfu wanaochimba kwa mikono, wakiingia kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyoonyesha watoto wakifanya kazi hiyo. Mtu akikuambia chombo cha stima hakina dhambi, muulize kobalti yake imetoka wapi.

Habari njema ni kwamba kuna aina ya betri isiyotumia kobalti kabisa wala nikeli, ile ya lithiamu, chuma na fosfeti. Mabasi ya BYD huitumia, na pikipiki nyingi zinazoingia sasa pia. Ni nzito zaidi kwa nguvu ile ile, lakini haishiki moto kwa urahisi kama zile za kobalti, na huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Mnunuzi wa Pwani akiwa na nafasi ya kuchagua, achague hiyo.

Hata hivyo kila betri, ya aina yoyote, imekula nishati kiwandani, na viwanda vingi viko Uchina ambako stima nyingi bado ni ya makaa. Makadirio ya kawaida ni kilo 60 hadi 100 za gesi ya kaboni kwa kila uniti moja ya uwezo wa betri. Betri ya pikipiki ya uniti tatu basi imezaliwa na deni la kilo 180 hadi 300. Tumeona kwamba kila kilomita 100 inaokoa kama kilo tano. Deni la kilo 300 litalipwa baada ya kilomita 6,000. Boda anayezunguka kilomita 120 kwa siku amelimaliza katika siku 50. Na kwa kuwa mfumo wa kubadilishana betri unahitaji betri za akiba zinazokaa kituoni zikichajiwa, zidisha mara mbili. Iwe miezi mitatu au minne. Pikipiki itafanya kazi miaka.

Fanya hesabu hiyo kwa gari la kibinafsi lenye betri ya uniti 60, na deni linakuwa tani nne hadi sita. Gari linalotoka Nyali hadi mjini asubuhi na kurudi jioni, likishinda limeegeshwa juani, linaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kulipa deni hilo. Litalipa, ndiyo, lakini polepole. Kwa maoni ya mwandishi huyu, serikali ikiwa na shilingi moja ya kusamehe kodi, iende kwa chombo kinachozunguka kutwa: boda, tuktuk, matatu. Mwenye gari la kifahari la stima anaweza kujinunulia mwenyewe.

Na kwa nini basi hazijajaa barabarani?

Jibu la kwanza si bei ya kununua kama wengi wanavyosema. Ni nani mwenye nini. Bodaboda wengi wa Pwani hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Jioni wanampelekea mwenye chombo hesabu yake, kinachobaki ni chao. Petroli analipa mwendeshaji. Kwa hiyo mwenye pesa ya kununua pikipiki ya stima hapati faida ya kuacha petroli, na anayepata faida hana pesa ya kununua. Mwenye chombo mwerevu akiona mwendeshaji wake ameacha kwenda sheli, jambo la kwanza atakalofanya ni kupandisha hesabu.

Jibu la pili ni betri tena. Kampuni nyingi huuza pikipiki bila betri, ili bei ishuke. Betri inabaki mali ya kampuni, na mwendeshaji hulipa kila anapoibadilisha kituoni. Ni mpango mzuri kwa upande mmoja: dakika chache umeondoka na betri iliyojaa, na ikizeeka hasara si yako. Lakini tazama upande wa pili. Kwa kilomita 120 kwa siku, petroli ikiwa Sh180 kwa lita, boda wa petroli anatumia kama Sh540. Stima ya kilomita hizo, hata kwa bei ya nyumbani ya Sh30 kwa uniti pamoja na kodi, haizidi Sh150. Tofauti ni karibu Sh400 kila siku. Nani anaichukua? Anayepanga bei ya kubadilisha betri ndiye anayeamua ni kiasi gani kibaki kwa mwendeshaji. Bei ya petroli hutangazwa na EPRA tarehe 14 kila mwezi, na nchi nzima hulalamika pamoja. Bei ya betri hutangazwa na kampuni yenyewe, na ukilalamika uko peke yako.

Betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Nyingi zimewekwa kifaa cha kuonyesha zilipo na laini ya mtandao, na kampuni inaweza kuizima ikiwa mbali. Kwa wizi ni kinga nzuri sana. Kwa mwendeshaji aliyechelewesha malipo siku mbili kwa sababu mtoto amelazwa, ni jambo jingine. Kabla ya kuweka sahihi, soma mahali panapoeleza lini betri huzimwa, nani huzima, na unapewa ilani ya saa ngapi. Soma pia panapoeleza itakuwaje kampuni ikifunga biashara. Pikipiki ya petroli ya kampuni iliyokufa bado hupata petroli. Ya stima isiyo na betri ni chuma chenye magurudumu.

Tatu ni umbali. Betri moja hukupa kilomita 60 hadi 90, kutegemea mzigo na mkono wako. Ndani ya kisiwa, Kisauni na Likoni, hiyo inatosha ukiwa na kituo karibu. Ukishafika Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka Mombasa, lazima uwe na uhakika kwamba kituo kipo na betri iliyojaa ipo. Na boda wa Bamba, Ganze, Kinango au Samburu? Huko ndiko pikipiki ni gari la wagonjwa, lori la mahindi na basi la shule kwa pamoja, na huko ndiko kampuni zitafika mwisho kabisa, kwa sababu wateja wametawanyika. Kusema Pwani imeingia kwenye usafiri wa stima wakati vituo vimefuata lami tu ni kuwasahau wanaotegemea pikipiki kuliko wote.

Stima yenyewe nayo hukatika. Agosti 25, 2023, wiki moja kabla ya uzinduzi ule wa Mombasa, karibu nchi nzima ilikuwa gizani. Sheli yenye jenereta iliendelea kuuza petroli. Kituo cha betri kisicho na akiba ya jua kinafunga mlango.

Kisha kuna mambo ya hapa kwetu ambayo wanaoandika vitabu vya maelezo huko bara hawayapi uzito. Betri haipendi joto. Huzeeka haraka ikichajiwa ikiwa moto, na Februari ya Mombasa kila mtu anaijua. Hewa ya chumvi hula shaba, na sehemu za kuunganishia betri, zinazochomolewa na kuchomekwa mara kadhaa kwa siku, hushika kutu ya kijani kama nyaya za mashua. Mvua za Mei zikijaza barabara hadi magotini, maji yataingia pale pale. Dawa yake si ngumu: kuchajia kivulini, kupangusa na kupaka grisi viunganishi, kutopita kwenye maji usiyojua kina chake. Lakini inahitaji mafundi wanaojua, na fundi wetu wa mtaani aliyesomea kabureta na ringi za pistoni kwa miaka 20 hajaonyeshwa chombo hiki. Akikifungua, anakuta programu iliyofungwa na kampuni. Vyuo vya ufundi vya kaunti na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vingeweza kuziba pengo hili kwa kozi za wiki chache. Pale Miritini, mabasi ya stima ya BasiGo yaliwahi kuunganishwa katika kiwanda cha AVA, mengine yakapelekwa kubeba abiria wa Nairobi. Ujuzi basi umeshafika mlangoni kwetu.

Kwa anayefikiria kununua gari la stima lililotumika kutoka Japani, neno moja tu. Nissan Leaf, ambayo ndiyo hupatikana kwa bei nafuu, betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Kwenye dashibodi kuna alama 12 za afya ya betri, tofauti na zile za chaji. Zihesabu kabla ya kutoa pesa. Gari linaweza kung'aa nje na ndani likawa limebakiwa na nusu ya safari yake.

Hayo yote yatatatuliwa na soko, au hayatatatuliwa na watu watarudi kwenye petroli. Linaloniogopesha ni jingine, na linahusu mahali ambapo kila msomaji wa ukurasa huu anapajua.

Owino Uhuru, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilianza 2007. Moshi uliingia nyumbani, maji machafu yakapita mtaani, vumbi likakaa kwenye mabati na kwenye mikono ya watoto. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale. Mwanawe mchanga alipougua, ikabainika ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaitengua sehemu ya hukumu hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ni miaka 17 tangu kiwanda kianze hadi neno la mwisho la mahakama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Atakuja mtu aseme: hizo zilikuwa betri za risasi na asidi, hizi za pikipiki ni za lithiamu, hazina risasi. Ni kweli kwa pikipiki nyingi. Si kweli kwa vyombo vyote vya stima. Tuktuk na mikokoteni ya stima ya bei rahisi, inayoletwa vipande na kuunganishwa, mara nyingi hutumia betri za risasi, kwa sababu ndizo za bei ya chini. Hudumu mwaka mmoja au miwili katika kazi ngumu, kisha zinahitaji kubadilishwa zote kwa pamoja, nne au tano kwa chombo kimoja. Hesabu tuktuk zilizopo Mombasa, Ukunda na Malindi. Sehemu ndogo tu yake ikigeuka kuwa ya betri za risasi, tumeongeza mlima wa bidhaa ile ile iliyoitia sumu Owino Uhuru, na tutauita usafiri wa kijani.

Betri za lithiamu zina hatari ya aina nyingine, na hapa uchumi unafanya kazi kinyume. Betri ya risasi ina bei. Mnunuzi wa vyuma kuukuu atakufuata hadi nyumbani na mizani yake, kisha itaishia kwa mtu anayeiyeyusha uani. Betri ya chuma na fosfeti, ile tuliyoisifu kwa kutokuwa na kobalti, haina madini ya thamani ya kumshawishi mtu aifuate. Itatupwa. Itafika jaa la Mwakirunge ndani ya gunia pamoja na maganda ya nazi, na ikipondwa na tingatinga wakati bado ina chaji kidogo, itawaka moto ambao ndoo ya mchanga haiuzimi, ikitoa gesi inayochoma mapafu. Wanaookota taka pale ndio watakaokuwa wa kwanza kuivuta.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika anayeingiza au kutengeneza bidhaa jukumu la bidhaa hiyo hata baada ya kuisha kazi. Na hapa ule mfumo wa kampuni kumiliki betri, niliousema vibaya hapo juu, unakuwa na uzuri wake: betri ina mwenyewe anayejulikana, ina namba, na hurudi kituoni kila siku. Ikishuka hadi asilimia 70 ya nguvu yake haiwezi tena kusukuma pikipiki mbali, lakini inaweza kukaa miaka ikihifadhi stima ya jua kwa zahanati au kwa friji ya samaki Gazi au Ngomeni. Linalohitajika ni kampuni iulizwe na ijibu kwa maandishi. Betri zenu za kwanza zikichoka zinakwenda wapi? Nani anazibeba? Mmeweka pesa kiasi gani kwa kazi hiyo endapo mtafunga biashara? Kwa tuktuk za betri za risasi, muuzaji arudishiwe betri kuukuu kabla ya kuuza mpya, na tofauti ya bei iwe kubwa kiasi cha kumshinda mwenye mizani.

Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale hutoa leseni za biashara kwa vituo hivi kila mwaka. Zinaweza kuweka sharti hilo kwenye leseni bila kusubiri Nairobi.

Betri zilizoingia na uzinduzi wa 2023, ukizipa miaka mitano hadi minane ya kazi, zitaanza kuchoka kati ya 2028 na 2031. Fedha za kuzikusanya zikitengwa, zitatengwa kwenye bajeti za kaunti zitakazojadiliwa miaka michache ijayo, katika vile vikao vya maoni ya umma vinavyoitwa kwenye ukumbi wa wadi siku ya kazi saa tatu asubuhi, ambavyo kwa kawaida huhudhuriwa na watu 20. Vyama vya bodaboda na vya tuktuk vina wanachama wa kuujaza ukumbi huo hadi nje.